Mkubwa Aanze

Siku Onesmo alipolibeba gogo la kilo mia tatu kutoka kinu cha mbao mpaka mlangoni kwa bibi yake, bibi yake alishindwa kuinua kikombe cha uji.

Kikombe chenyewe kilikuwa cha bati, kile cha maua mekundu kilichobanduka rangi mdomoni, na uji haukufika hata nusu. Bibi Kalista alikizungushia vidole, akavuta. Kikombe kikakaa palepale juu ya kigoda kama kimepigiliwa misumari. Akacheka peke yake. Halafu akakiinamia, akanywa kwa kunyonya, kama mbuzi kwenye ndoo.

"Yusta," akamwita bintiye, "njoo unifute kidevu. Huyu mtoto wenu leo amekula mkono wangu wa kulia."

Yusta alikuwa uani, filimbi shingoni, anamhesabia Onesmo hatua. Hakugeuka.

"Shusha taratibu! Taratibu, wewe! Unalitupa kama umeliiba?"

Onesmo akashusha. Ardhi ikatikisika, kuku wakaruka mpaka juu ya paa la jiko. Kiunoni, kwenye mkanda mpana wa mpira mweusi, taa ndogo ilikuwa inawaka kijani. Bibi Kalista naye alikuwa na bangili mkononi, na bangili ile ilikuwa na taa kama ile, kijani vilevile. Yusta alivaa yake. Mdogo wake Yusta, Gaudensi, alivaa yake. Ndugu wengine wanne wa ukoo ule walivaa zao. Onesmo akipumzika, nguvu huwarudia wote kabla jua halijazama. Akiinua, huondoka.

"Mama mkubwa," Onesmo alisema huku akihema, "bibi anakuita."

"Nimesikia. Nani amekuambia ukae? Gogo halijarudi kinuni."

Ndiye aliyekuwa mwalimu wake, Yusta. Mama yake Onesmo, mdogo wake Yusta wa kumfuata, alifariki mtoto akiwa anatambaa, na Yusta akamlea kwa mkono mgumu. Ujanani Yusta mwenyewe alikuwa mnyanyuaji, enzi za kutegemea mwili wako tu, na aliacha siku goti lilipokatika mbele ya watu. Sasa alikuwa na miaka hamsini na tatu, mabega bado kama mlango.

Msiulize gogo la nini. Kijiji cha Luvembelo chote kiliishi kwa miti ya mipaina, lakini miaka mingi ilikuwa imepita tangu mtu abebe gogo kwa ajili ya kazi. Mabuibui ya chuma ndiyo yaliyopanda milimani, miguu minane kila moja, yakarudi na magogo mgongoni bila hata kutoa jasho. Mikono ya watu ikabaki haina kazi. Mikono isiyo na kazi hutafuta sifa, ndipo mashindano ya wenye nguvu wa ridhaa yakaota mizizi. Ridhaa maana yake hakuna anayelipwa, si mnyanyuaji, si anayemchangia nguvu. Mshindi huchongwa jina lake kwenye jiwe, na ukoo wake hukaa safu ya mbele mwaka mzima, kanisani na misibani. Basi. Ni hicho tu walichokuwa wanakitafuta.

*

Kabla ya mazoezi kuanza, siku fundi alipouleta mtungi wa kuazima nguvu, alimkalisha Yusta chini ya kivuli cha ghala, wawili peke yao, kwa sababu kanuni inasema mwalimu ndiye afundishwe na mwalimu ndiye aweke dole gumba.

Fundi aliitwa Mwajabu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuchoka. Mtungi wenyewe ulikuwa wa kijivu, kimo cha mtoto wa miaka mitano, baridi hata juani, na ubavuni ulikuwa na tundu lenye mfuko wa mpira wa kuingiza mkono.

"Mama, nalisema hili mara tatu, maana watu hawalisikii," alianza Mwajabu. "Ndani ya nyama ya mwili mna chembe za moto. Ndizo zinazochoma chakula kuwa nguvu. Chembe hizi mtu huzirithi kwa mama tu, kwa baba hapana. Kwa hiyo wanaoweza kumchangia kijana wako ni wa ziwa moja naye: bibi mzaa mama, mama wakubwa, mama wadogo, wajomba, na watoto wa hao wanawake. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Taa ya kijani, mtungi unaazima kwa wote, kidogo kidogo, ila wa kwanza huchotwa zaidi. Jioni unarudisha. Njano, jihadhari. Nyekundu," akainua kidole, "nyekundu mtungi hauazimi tena. Unamrudia yule aliyeingiza mkono wa kwanza, yeye peke yake, unamkomba kama ukoko wa sufuria. Kilichokombwa mtungi haukirudishi. Ndiyo maana umepewa filimbi. Ukipuliza, mtungi unafunga hapohapo."

"Na kijana?"

"Anaangusha jiwe. Anashindwa. Hafi mtu."

Yusta aliupapasa mtungi.

"Kwa hiyo wa kwanza awe mwenye mwili imara," Mwajabu aliendelea. "Ningekuwa wewe, ningeingia mwenyewe. Wewe hata ukikombwa, chembe zitaota tena. Utachechemea misimu miwili, utalala sana, utapona. Kwa mzee haioti. Mzee awe wa mwisho kabisa, ama asiingie. Waambie ukoo wako hivyo hivyo nilivyokuambia. Sema nilichosema."

"Mzee awe wa mwisho," Yusta alisema, akabandika dole gumba.

Mwajabu akapanda buibui lake akaenda kwa ukoo mwingine.

Kesho yake ukoo ulikutana kwa Gaudensi, naye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati. Gaudensi alipenda kamati kuliko chakula. Alivaa koti la harusi yake, akasimama kando ya mtungi kama kasisi kando ya birika la ubatizo.

"Kamwene!"

"Kamwene!" wakaitikia salamu.

"Ndugu zangu, sitaki maneno mengi. Katika ukoo huu hakuna mtoto anayenawa mikono kabla ya mkubwa. Hakuna anayemega ugali kabla ya mkubwa. Na leo hakuna atakayeingiza mkono kabla ya mkubwa. Mama, inuka. Mkubwa aanze."

Wakapiga makofi. Bibi Kalista akainuka kwenye mkeka, miaka sabini na tisa, akajifunga kitenge chake upya, akajikung'uta majani ya chai mapajani.

"Miaka kumi naletewa chai nikiwa nimekaa," alisema. "Naambiwa mama usibebe, mama usiiname, mama tulia. Leo mmekumbuka kwamba nina mikono."

Wakacheka, na mmoja akapiga kigelegele. Bibi akakunja mkono wa gauni. Mkono ulikuwa mwembamba, wenye makunyanzi laini kama karatasi iliyokunjwa na kukunjuliwa.

Hapo ndipo Yusta alipofungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari, mafupi, hayakuzidi kumi. Lakini akaliona koti la Gaudensi, akayaona makofi yalivyokuwa bado hewani, akaona uso wa mama yake ulivyong'aa. Na chini ya hayo yote, pale mtu asipopenda kupatazama, akaliona goti lake mwenyewe, na misimu miwili ya kuchechemea.

"Mama," alisema.

"Nini, mwanangu?"

Watu wote wakamgeukia.

"Vua pete kwanza."

Bibi Kalista akavua pete, akampa aishike. Akaingiza mkono.

*

Mazoezi yalikwenda miezi mitatu. Asubuhi nira: mti wa mkaratusi mabegani, mapipa mawili ya maji huku na huku, kutoka kisimani mpaka kanisani na kurudi. Mchana magogo. Jumamosi kulivuta buibui bovu la kinu kwa kamba, miguu yake minane inalima matuta barabarani. Yusta alikwenda kando ya Onesmo na ufito wa mwanzi, akimtandika mashavu ya miguu kila yalipotetemeka.

"Usinililie! Machozi ni maji, na maji ni uzito. Yamwage yote uwe mwepesi!"

"Silii, mama mkubwa. Jasho hilo."

"Jasho la machoni? Nyanyua!"

Na kila aliponyanyua, ndani ya nyumba kitu kilidondoka. Kwanza vikombe. Halafu mwiko. Kufikia mwezi wa pili Bibi Kalista alikuwa hawezi kufunga kitenge chake, akawa anafungwa. Wa tatu, akawa anageuzwa kitandani mchana kama chapati, jioni anaamka mzima mzima na kudai apelekwe kwenye tuta lake la vitunguu. Majirani walipokuja kumwona aliwaambia kwa majivuno:

"Jana nimelivuta buibui. Mnaniona nimelala hapa? Miguu yangu ilikuwa barabarani."

Onesmo alikuwa akija kukaa naye jioni, anamkanda vidole.

"Bibi, nikiacha je?"

"Ukiacha nitakuwa nimelala bure."

Siku moja, Yusta akimlisha ndizi zilizopondwa, mama yake alimtazama sana.

"Yusta, wewe ukichotwa nguvu husikia wapi?"

"Magotini, mama."

"Magotini tu?"

"Magotini tu."

"Mimi mwili mzima. Mpaka kope." Akameza polepole. "Afadhali. Magoti yako yalikuwa mabovu tangu hapo."

Yusta alikwenda nyuma ya jiko, akampigia Mwajabu. Akauliza kana kwamba anauliza ya watu wengine: zamu inaweza kubadilishwa? Inaweza, alijibiwa. Wakutane wote tena, watoe mikono, waingize upya kwa mpangilio mwingine, ni kazi ya saa moja. "Waambie tu sababu," alisema Mwajabu.

Waambie sababu. Yaani asimame mbele ya koti la Gaudensi, mbele ya Onesmo, aseme alijua tangu siku ya kwanza. Akapanga kulisema Jumapili baada ya misa. Jumapili ikaja, ikapita, ikafuatwa na nyingine. Aliona hivi: ilimradi taa isifike nyekundu, hakuna kilichoharibika. Na filimbi anayo mwenyewe.

*

Siku ya mashindano ilikuwa na jua kali la msimu wa baridi. Uwanja ulijaa mpaka juu ya kuta. Wanawake waliuza pombe ya ulanzi kwenye vikombe vya mianzi, na mtangazaji alikuwa amesimama juu ya trela, anapiga kelele kwenye kipaza sauti kilichokohoa.

Bibi Kalista aliletwa kwenye kiti, wakamfunga kifuani kwa khanga mbili asianguke, wakamweka mbele kabisa. Onesmo akaja kupiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Fanya haraka, nataka kurudi kwenye vitunguu."

Kufika saa nane walibaki wawili: Onesmo, na dume moja la ukoo wa Luhwavi lenye shingo kama kisiki. Limebaki jiwe moja. Jiwe lile liliitwa Mama Mkwe, la mviringo, kilo mia nne na kumi, na liliitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kulipandisha akaondoka anacheka. Halina budi kutoka ardhini, mapajani, kifuani, mpaka juu ya pipa.

Yule wa Luhwavi alilifikisha mapajani. Mwalimu wake, mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, alipoona njano inapepesa akapuliza filimbi bila hata kufikiri, na jiwe likaanguka, na watu wakazomea.

"Ahaa! Wameogopa! Ukoo wa Luhwavi nguvu wanazo, moyo hawana!" mtangazaji alipaza sauti. "Ukoo wa Mdegela! Mko wapi?"

Onesmo akajipaka utomvu wa mpaina mikononi. Akalikumbatia jiwe. Kijani. Likaachana na ardhi. Ukasikia kamba za bendera zikipigapiga mlingoti. Likafika mapajani. Njano. Akachuchumaa, akalipakata kama mtoto, akavuta pumzi tatu. Akaanza kulipandisha.

Lilipofika tumboni, taa ikawa nyekundu.

Yusta alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, kama kanuni inavyotaka, filimbi iko mdomoni, meno yameiuma. Onesmo aliiona taa. Mishipa ya shingo ilimtoka kama mizizi, lakini macho yalikuwa ya mtoto yule aliyekuwa akitambaa.

"Mama mkubwa," alisema kwa pumzi ndogo, "nyekundu hiyo ya nani?"

Nyuma yake Gaudensi alikuwa anaruka juu na koti lake. Ukoo mzima umesimama. Yusta hakutazama kwenye kiti. Alijua kabisa kiti kilipo, upande wa kushoto, ndiyo maana akatazama kulia. Akaitoa filimbi mdomoni ili aweze kusema.

"Ya mtungi," alisema. "Mtungi una akiba yake. Inua."

Onesmo akaamini. Akainua.

Jiwe likapita tumbo, likapita kifua, likakaa juu ya pipa kwa mlio mzito ulioingia kwenye meno ya watu. Uwanja ukalipuka. Wakamiminika, wakambeba Onesmo juu juu, vigelegele, vumbi, ulanzi ukimwagika. Katika safu ya mbele khanga mbili zilikuwa zimeushikilia mwili uliokuwa umeinamia mbele, kichwa kimening'inia, na kwa muda mrefu kabisa hakuna aliyeona, kwa sababu watu walidhani mzee anasali.

*

Jioni nguvu zikarudi kwa kila mtu. Gaudensi aliinua kiti kwa mkono mmoja kuwachekesha watoto. Yusta alizisikia zikimwingia magotini, vuguvugu kama maji ya kuoga.

Bangili ya Bibi Kalista haikuwaka rangi yoyote.

Mwajabu alikuja kuufunga mtungi. Akaishika bangili, akaigeuza, akasoma kitu kwenye kioo chake. Halafu akamvuta Yusta mpaka kwenye ghala, palepale pa siku ile.

"Aliingia wa kwanza."

Yusta aliichezea kamba ya filimbi.

"Nilikuambia mara tatu."

"Alitaka mwenyewe," Yusta alisema. "Alifurahi. Ungemwona alivyofurahi."

"Na filimbi? Ilikuwa imeziba?"

Yusta alikaza macho kwenye vumbi. Mwajabu alimtazama, si kwa hasira, bali kama mtu anayetazama daraja lililokatika akijiuliza apite wapi.

"Naijaza karatasi. Sehemu ya sababu nitaandika nini?"

"Uzee," alisema Yusta.

"Uzee," Mwajabu akarudia, akaandika. Kalamu ilikuwa na wino mdogo, ikabidi apitishe neno lile mara mbili. "Bado nyumba sita leo. Na katika hizo sita, nne wamemtanguliza bibi."

Bibi Kalista hakufa. Ingekuwa afadhali, watu walinong'ona, lakini moyo ulibakiziwa kidogo wa kupigia. Hakuweza kumeza mpaka akandwe koo. Hakuweza kufumba macho. Walimfumba usiku kwa vidole na asubuhi wakamfumbua. Onesmo alilia siku mbili, akauliza imekuwaje, akaambiwa uzee. Akaamini na hilo pia. Jina lake lilichongwa kwenye jiwe kwa herufi nene, na Jumapili ukoo wa Mdegela ulikaa safu ya mbele, na Bibi akiwa kwenye kiti katikati yao, khanga mbili kifuani, macho wazi.

Macho yale yalimfuata Yusta. Alipokuwa anamlisha, yalimtazama. Alipohama upande, yalihama. Mdomo haukuweza kitu, na Yusta hakupata kujua kamwe yalikuwa yanauliza au yanajibu.

*

Mwaka uliofuata, vitunguu vya Bibi vikiwa vimejiotea vyenyewe na kutoa maua, kamati iliitishwa tena kwa Gaudensi. Koti lilelile. Mtungi uleule, kijivu, baridi. Mwajabu alikuwa ameshapita jana yake, akasema maneno yake mara tatu, Yusta akaweka dole gumba, na hawakutazamana.

Onesmo alikuwa amenenepa shingo. Msimu huu alitaka jiwe kubwa zaidi, la wilaya, ambalo hata jina halijapewa.

"Kamwene!" Gaudensi alisema.

"Kamwene!"

"Ndugu zangu, mwaka jana mama yetu alituonyesha njia. Mungu amlinde pale alipo." Wote wakageuka kumwangalia Bibi Kalista kwenye kiti chake cha dirishani, jua likimwangaza usoni asiweze kujikinga. "Mwaka huu hawezi. Lakini desturi haiugui. Katika ukoo huu hakuna mtoto anayenawa kabla ya mkubwa."

Akalinyoosha koti lake, kwa raha zake. Kisha macho ya watu wote, moja baada ya jingine, yakatua kwa Yusta.

"Dada," Gaudensi alisema kwa upole. "Inuka. Mkubwa aanze."

Wakapiga makofi.

Alikuwa na neno moja tu la kumwokoa. Angesema wa kwanza hukombwa, na wote wangeelewa mara moja, na wangegeukia dirishani, halafu wangemgeukia yeye. Alilipima neno lile mdomoni. Alilisikia uzito wake. Alikuwa amebeba mawe mengi maishani, na hilo hakuweza kulifikisha hata mapajani.

Onesmo alikuja akamshika kiwiko kumwinua, mkono wake mzito, wenye joto.

"Mama mkubwa, usiogope," alisema akitabasamu. "Ikifika nyekundu, si mtungi una akiba yake?"

Yusta alikunja mkono wa gauni. Kwenye kidole cha mkono ule alikuwa amevaa pete ya mama yake, hakuwahi kuirudisha. Akaivua. Akatafuta wa kumpa aishike, akakosa, akaenda mpaka dirishani akaiweka kwenye kiganja cha Bibi Kalista, akamkunja vidole kimoja kimoja juu yake.

Vidole vikafunguka vyenyewe. Pete ikaanguka, ikabingirika sakafuni mpaka miguuni pa mtungi. Yusta akaifuata, akaiokota, na kwa vile alikuwa ameshainama hapohapo, akaingiza mkono.